Nilifungua kichwa cha treni ya modeli kikiwa bado kwenye waranti

Nilikifungua kichwa changu cha treni ya modeli kikiwa bado kwenye waranti. Nikatia dekoda ya sauti (kifaa kidogo cha elektroniki kinachoongoza mota na taa na kutoa sauti) na spika, nikaongeza taa kwenye chumba cha dereva, na gia zake zilipokuja kupasuka nikatengenezewa bila kulipia matengenezo. Katikati hapo palikuwa na majibu ya kukataliwa, pesa ambazo hazikurudi zote, na usiku kadhaa wa kulala na kinyongo. Naandika kwa sababu sisi tunaoishi huku Uingereza tunanunua vitu hivi kwa pesa ya jasho, halafu mtu wa dukani akisema "umefungua, waranti imekufa" tunashusha kichwa na kuondoka. Maneno hayo mara nyingi si kweli. Mara nyingine ni kweli kabisa, na ni vizuri ujue uko upande gani kabla hujashika bisibisi.

Kichwa chenyewe ni Class 37, aina ya dizeli ya reli za Uingereza, katika skeli ya OO, yaani imepunguzwa mara 76 hivi, na hutembea kwenye reli za upana wa milimita 16.5. Class 37 halisi zilitengenezwa na English Electric kati ya 1960 na 1965, jumla 309, na nyingi zilitoka kiwanda cha Vulcan Foundry, Newton-le-Willows. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotoa dizeli za East African Railways zilizoanza kwa jina la daraja la 90 na baadaye zikaitwa 87. Aliyekulia kando ya reli Kenya miaka ya themanini anazijua. Mimi nimekulia Voi, kwenye nyumba za reli, na Baba alifanya kazi reli mpaka alipostaafu. Kwa hiyo nilipojua kwamba Class 37 ina injini ya silinda 12 ya ukoo mmoja na ile iliyokuwa ikitetemesha madirisha yetu, sikutaka modeli bubu ya kuweka kabatini. Nilitaka ingurume.

Bei yake ilikuwa karibu pauni 190, bila sauti. Kilikuwa kinauzwa pia chenye sauti tayari kwa pauni mia na ushei zaidi, lakini sauti ya kiwanda haikunipendeza, na nilitaka kuchagua rekodi mwenyewe. Dekoda yenye rekodi nzuri ilinigharimu pauni 120 hivi, spika pauni 12, na vifaa vidogo vidogo (bisibisi za saa, kibano, kipimo cha magurudumu, utepe wa kapton usiopitisha umeme) karibu pauni 40. Hizo ndizo hesabu za kweli. Anayekuambia kutia sauti mwenyewe ni njia ya kubana matumizi, mwambie ahesabu upya.

Kabla ya kulipa nilisoma karatasi ya waranti, na hapo ndipo ningependa kila mtu aanzie. Viwanda vingi siku hizi vinaweka kijitabu kwenye tovuti yao, kwa hiyo unaweza kukisoma kabla hujanunua. Cha kwangu kilisema waranti haigusi uharibifu unaotokana na mabadiliko, au na dekoda iliyofungwa vibaya, au na umeme usiofaa. Hakikusema kwamba kichwa kikifunguliwa tu basi. Isitoshe, kurasa chache mbele kilikuwa na michoro ya kuonyesha skrubu ziko wapi, bodi (ganda la juu la plastiki) inainuliwaje, na soketi ya pini 21 ya kupokea dekoda iko upande gani. Kiwanda kinachokuonyesha jinsi ya kufungua hakiwezi kugeuka na kusema kufungua kwenyewe ni kosa. Nilichapisha kurasa zile nikaziweka pamoja na risiti. Zilikuja kunifaa sana.

Jambo la pili nililohakikisha ni kwamba najua nina mikataba mingapi. Watu huchanganya. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya hiari, na kiwanda kinaweza kuiwekea masharti yake. Chini yake kuna haki ya kisheria, na hiyo iko kati yako na duka lililopokea pesa yako, kiwanda hakimo. Hapa Uingereza inatokana na Consumer Rights Act ya 2015. Kitu kikionekana kibovu ndani ya siku 30, una haki ya kukirudisha na kurudishiwa pesa zote. Baada ya hapo duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana unadai pesa au punguzo. Na jambo kubwa kuliko yote kwetu sisi tunaofungua fungua vitu: ubovu ukijitokeza ndani ya miezi sita, sheria inachukulia kwamba ulikuwepo tangu siku ya kupokea. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa duka, si wako. Duka haliwezi kukufutia haki hiyo kwa kubandika karatasi ukutani. Linachoweza ni kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyesababisha ubovu, na likionyesha hivyo kweli, huna dai.

Mkataba wa tatu ni wa dekoda. Ina waranti yake mwenyewe, kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Ukikata nyaya zake au ukachomea kapasita kwenye ubao wake, unaweza kuipoteza hiyo hata kama kichwa chenyewe kiko salama.

Nililipa kwa kadi ya mkopo, na hili nasisitiza. Kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000. Ukilipa kwa kadi ya kawaida ya benki kifungu hicho hakikuhusu.

Kiliwasili, na mwezi wa kwanza sikukifungua. Dekoda ilikuwa imeshafika, iko kwenye rafu, na kila jioni nilikuwa naitazama. Lakini ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na ukiwa umekishika kitu kuliko ambavyo ungekishika dukani, muuzaji anaruhusiwa kukata sehemu ya pesa. Halafu kuna zile siku 30 za kukirudisha kikiwa kibovu. Muda huo ni wa kukijua kichwa kilivyotoka kiwandani, kabla mkono wako haujaingia.

Nilikiendesha kwa umeme wa kawaida wa DC, volti 12, kama kijitabu kilivyoelekeza: nusu saa mbele, nusu saa nyuma, bila mabehewa, mwendo wa wastani. Baadaye polepole sana, maana ubovu wa gia hujificha kwenye kasi na kujitokeza kwenye mwendo wa kutambaa. Nikakagua taa za pande zote mbili. Nikapima nafasi kati ya magurudumu kwa ndani, ambayo kwa OO huwa milimita 14.5 hivi, ekseli moja baada ya nyingine. Nikapiga video nikiwa nimeweka simu sawa na reli, kichwa kikipita kushoto kwenda kulia na kurudi, sauti ya mota ikisikika bila kelele nyingine. Wakati ule niliona kama nazidisha. Video ile ndiyo iliyokuja kusimama upande wangu.

Baada ya hapo nikafungua. Weka taulo mezani, usifanyie kazi hii kwenye meza tupu, kwa sababu skrubu zake ni ndogo kama punje za mtama na zikidunda huzioni tena. Bodi ya plastiki ikishaachia, usiivute juu kwa pupa. Vichwa vya siku hizi vina taa nyingi, na kutoka kwenye bodi kwenda kwenye ubao wa umeme hupita nyaya nyembamba mno, nyekundu, nyeusi, njano, zimebanwa kwa vipande vya utepe. Ukiinua bodi sentimita moja zaidi ya inavyotakiwa, waya unang'oka kwenye solda, na waya ule sasa ni wako, kiwanda hakihusiki. Mimi niliinua upande mmoja kwa upana wa kidole, nikachungulia kwa tochi ya simu nione nyaya zimeelekea wapi, nikapiga picha, ndipo nikailaza bodi kando ya chesisi nyaya zikiwa bado zimelegea. Picha hiyo ya kwanza, kabla hujagusa kitu, usiisahau. Ndiyo itakayokuonyesha kila utepe ulikuwa wapi, na ndiyo ushahidi wako.

Kwenye soketi kulikuwa na kibao kidogo cha kuzibia, kile kinachopitisha umeme moja kwa moja kwenda kwenye mota. Nilikitoa, nikakitia kwenye kifuko, nikakiandika jina, nikakirudisha ndani ya boksi la kichwa. Watu wengi hukitupa. Bila kibao hicho huwezi kukirudisha kichwa katika hali ya awali, na usipoweza kukirudisha katika hali ya awali hoja zako zote zinapungua nguvu. Soketi ya pini 21 ina pini moja iliyoachwa wazi, ya 11, ili usiiweke dekoda kinyume. Linganisha kwanza kwa macho, kisha ibonyeze kwa kidole gumba sawasawa pande zote.

Spika niliiweka ndani ya kiboksi chake kilichozibwa vizuri; spika isiyo na boksi hutoa sauti nyembamba isiyo na besi. Hakikisha pia omu zake zinalingana na dekoda. Dekoda nyingi za sasa zinakubali spika za omu 4 mpaka 8, lakini kuna dekoda za zamani zilizotaka omu 100, na ukinunua iliyotumika unaweza kuipata ya namna hiyo.

Usikiweke kichwa moja kwa moja kwenye reli kuu. Kiweke kwanza kwenye kipande cha reli ya kupangia, ambacho hupewa umeme kidogo tu, na ujaribu kusoma CV ya 8 (CV ni mipangilio yenye namba iliyohifadhiwa ndani ya dekoda), ile inayotaja mtengenezaji wa dekoda. Ikisomeka, nyaya ziko sawa. Isiposomeka, kuna shoti au pini haijakaa, na kwa umeme huo mdogo dekoda yako ya pauni 120 ina nafasi nzuri ya kupona. Yangu ilisomeka mara ya kwanza. Nikabadili CV ya 1 kuweka namba ya kichwa, nikaongeza CV ya 3 na ya 4 ili kianze na kusimama kwa uzito kama treni ya kweli, kisha nikawasha injini.

Siwezi kueleza vizuri nilichosikia. Ule mngurumo wa chini, kisha mluzi wa tabo ukipanda. Nilirekodi nikamtumia Baba kwa simu bila maelezo yoyote. Akanipigia papo hapo. "Mwanangu, umepata wapi themanini na saba? Hiyo inatoka stesheni na mzigo." Nikamwambia ni kitu cha urefu wa sentimita 25, kiko mezani. Akaniomba niwashe tena asikilize.

Sasa, orodha yangu ya mabadiliko ilikuwa ndefu, na niliipanga kwa swali moja: hili naweza kulirudisha lilivyokuwa? Dekoda inachomoka. Spika inabandukika. Viunganishi vya mabehewa vinaingia na kutoka kwenye mfuko wake wa kawaida. Dereva wa plastiki nilimkalisha kwa gundi laini isiyokauka. Taa ya chumba cha dereva ilikuwa mpakani, kwa sababu ilibidi nichomee LED na rezista ya kiloomu moja kwa solda. Nikaamua kwamba taa hiyo ni yangu: nyaya zake nilizipeleka kwenye plagi ndogo ya peke yake badala ya kuzichomea kwenye ubao wa kiwanda, na ikizima sitamlaumu mtu. Kupaka vumbi na kutu ili kifanane na kichwa kilichofanya kazi, kukata chesisi ili niongeze spika kubwa, kubadili magurudumu, hayo yote niliyaahirisha mpaka waranti iishe.

Hayo ya magurudumu nayataja kwa sababu ya mzee mmoja wa klabu yetu hapa Leicester. Ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, babake alikuwa karani wa reli, na tukikutana tunaongea Kiswahili mpaka wenzetu wanatuzoea. Alinunua kichwa kile kile, duka lile lile, mwezi ule ule. Yeye hutumia reli za upana wa milimita 18.2, kwa sababu milimita 16.5 kwa skeli hii ni nyembamba kuliko reli halisi ya Uingereza. Kwa hiyo alichomoa magurudumu kwenye ekseli na kuyasogeza nje. Kazi yake ilikuwa safi, mikono yake imetulia kuliko yangu.

Ubovu ulinipata kabla miezi sita haijatimia. Kichwa kilianza kutoa mlio: tak, tak, tak, kila gurudumu linapomaliza mzunguko, na upande wa nyuma ukawa unaruka kidogo kama unapita juu ya kokoto. Wasiwasi wangu wa kwanza ulikuwa dekoda. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mtu yeyote nilikaa nitenganishe mambo. Nilitoa dekoda, nikarudisha kibao cha kuzibia, nikachomoa plagi ya taa yangu, nikakiendesha kwa DC kama siku ya kwanza. Tak, tak, tak. Basi si umeme. Nikakigeuza juu chini kwenye sponji, nikafungua kifuniko cha chini cha seti ya magurudumu ya nyuma, kile ambacho kijitabu kinasema ufungue ukitaka kutia mafuta, nikaangalia gia za ekseli kwa lenzi. Mbili zilikuwa na ufa mwembamba kutoka kwenye jino mpaka kwenye ekseli. Gia ya plastiki ikiwa imebanwa mno kwenye ekseli ya chuma, plastiki inaishi kwenye mvutano tangu siku inapoundwa, na baada ya muda inapasuka. Ufa ukifunguka, pengo kati ya jino na jino linapanuka, na hapo ndipo mlio unapotoka. Ni ugonjwa unaojulikana kwenye modeli, hautokani na jinsi unavyoendesha. Nikapiga picha kwa lenzi, nikapiga na video nyingine, simu mahali pale pale kama mara ya kwanza.

Rafiki mmoja alinishauri nikirudishe kimya, nisitaje dekoda kabisa, maana sasa hakina alama. Nilikataa, na si kwa sababu ya woga. Skrubu zilizowahi kufunguliwa fundi anazijua. Ukishaonekana umeficha moja, hakuna atakayekuamini kwenye la pili. Niliwaandikia duka kila kitu: nilifungua lini, nilitia nini, nini nimetoa, nini sikuwahi kugusa.

Jibu lilikuja la mistari miwili. Waranti imebatilika kwa kuwa kichwa kilifunguliwa. Niliisoma nikiwa kazini na nikashindwa kuendelea na kazi. Kinachouma si pesa tu. Unasema ukweli wote, kisha ukweli wako unatumiwa kukufungia mlango. Jioni ile niliandika jibu la hasira, namshukuru mke wangu alisema, "Baba Amina, hiyo itume kesho." Kesho yake nilifuta na kuandika upya, kwa ufupi.

Nilisema hivi. Kwamba sidai chini ya waranti ya kiwanda, nadai chini ya sheria ya 2015, kwao wao walioniuzia. Kwamba ubovu umejitokeza ndani ya miezi sita, hivyo ni juu yao kuonyesha haukuwepo. Kwamba kijitabu cha kiwanda, kurasa nimeambatisha, kinaelekeza mnunuzi afungue bodi kutia dekoda. Kwamba video ya kwanza na ya sasa ni hizi, na ufa ni huu pichani, kwenye ekseli ambazo sikuzigusa. Nikamalizia kwa ombi moja: wanieleze kwa maandishi ni kwa njia gani dekoda inapasua gia ya plastiki, au watengeneze, wakilipia posta pande zote mbili kama sheria inavyotaka. Nikataja pia kwamba nililipa kwa kadi ya mkopo. Sikutishia, nilitaja tu.

Walinyamaza kwa muda, kisha wakaomba nikitume. Nilikituma kikiwa katika hali ya awali kabisa, kibao cha kuzibia ndani, dekoda na spika zikibaki kwangu. Hata wewe usitume dekoda yako pamoja na kichwa, labda tu kama dekoda ndiyo inayolalamikiwa: fundi anakijaribu kwa DC, na kitu kisichohusika kinaweza kupotea. Nilikifunga kwenye boksi lake la asili ndani ya boksi lingine, nikalipia bima ya bei kamili. Posta ya kawaida walinirudishia. Nyongeza ya bima hawakurudisha, na sikuona haja ya kugombana kwa pauni chache. Kilikaa huko wiki nyingi, nikakosa maonyesho ya klabu niliyokuwa nimeyangoja. Kiliporudi ekseli zote sita zilikuwa mpya, si mbili tu. Karatasi iliyoambatana ilisema kiwanda kimetuma ekseli zilizorekebishwa. Nikakipima tena magurudumu, nikakiendesha kwa DC, nikapiga video tena, ndipo nikarudisha dekoda.

Mzee wa Kisumu naye alipatwa na ufa ule ule kwenye gia zile zile. Akaenda dukani, wakamkatalia, na nilipomwambia nitamsaidia kuandika barua akanizuia. "Kijana, wewe umegusa umeme, mimi nimegusa chuma. Gurudumu nimelichomoa kwenye ekseli ile ile yenye gia. Nitasemaje si mimi?" Na ana haki. Huenda gia zake zingepasuka vyovyote vile, naamini zingepasuka, lakini alizipa nguvu kwa kuchomoa na kusukuma magurudumu, na duka linaweza kuonyesha hilo bila shida. Kichwa kimoja, ubovu mmoja, na majibu mawili tofauti yaliyo sahihi yote. Alichohitaji ni kukagua gia zile kwa lenzi na kuzipiga picha kabla ya kuchomoa gurudumu la kwanza.

Kwa walioko kwingine, mantiki ni hiyo hiyo ila muda hutofautiana. Ujerumani haki ya kisheria dhidi ya muuzaji ni miaka miwili, na kwa vilivyonunuliwa tangu 2022 mwaka mzima wa kwanza mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji. Marekani kuna sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, inayomzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umetumia kipuri cha mtu mwingine. Ukinunua kutoka nje ya nchi unayoishi, fikiria forodha kabla ya sheria: kurudisha kichwa kuvuka mpaka kunaweza kula pesa kuliko ekseli zenyewe. Na ukinunua kilichotumika kwa mtu binafsi, waranti nyingi za kiwanda hubaki kwa mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo muulize gia zimekaguliwa lini na ukiangalie kikitambaa polepole kabla ya kutoa pesa.

Mzee alinunua ekseli mpya zilizorekebishwa kutoka kiwandani kwa pesa yake. Safari hii alizikagua kwanza, akazipiga picha, akaziendesha kwa upana wa kawaida muda mrefu, ndipo akachomoa magurudumu kwa kifaa cha kuvutia kinachobana ekseli yenyewe bila kugusa gia. Mpaka sasa zinazunguka vizuri. Changu waranti inaisha Machi, na rangi za kutu na vumbi nimeshanunua.